Dawa ya Meno na Asidi: Mwongozo Kamili wa Viungo Vinavyolinda Enameli

Geuza tyubu ya dawa ya meno unayotumia usome maandishi madogo ya nyuma. Yale makubwa ya mbele, ya meno meupe na pumzi safi, hayatakuambia kama dawa hiyo inalikinga jino na asidi. Nyuma utafute mambo matatu: aina ya floraidi, kiasi chake, na chembe za kusugulia. Ukishaweza kuyasoma hayo, linabaki suala la matumizi, kwa sababu dawa nzuri ikitumiwa saa mbaya kwa mkono mzito humaliza jino lilelile iliyokusudiwa kulilinda.

## Asidi ikigusa jino

Hakuna kitu kigumu mwilini kuliko enameli, tabaka la nje la jino. Kwa uzito, karibu asilimia 96 ni madini; kinachobaki ni maji na protini kidogo. Madini hayo ni fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo haidroksiapataiti, zilizobanana kwa mpangilio maalumu. Kwenye vilele vya magego unene wake hufika milimita 2 hadi 2.5, kisha hupungua kadiri unavyoshuka kuelekea ufizi. Enameli haina seli hai. Mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli iliyokwisha kuondoka haioti tena.

Mate yana kalsiamu na fosfeti ya kutosha kuzituliza fuwele hizo zisiyeyuke. Asidi inapoingia kinywani, mizani inapinduka na madini yanaanza kutoka. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi. Mpaka unaotajwa kwa kawaida ni pH 5.5, chini ya hapo enameli hupoteza madini. Dentini, tabaka laini la manjano lililo chini yake, huanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye pH ya 6 na kitu. Kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo soda aina ya kola yenye pH ya karibu 2.5 ina ukali wa asidi mara 1,000 ukiilinganisha na huo mpaka wa 5.5.

Hata hivyo pH peke yake haitoshi kukupa jibu. Mtindi usio na ladha una pH ya karibu 4 na haumomonyoi meno, kwa sababu umejaa kalsiamu na fosfeti. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu na machungwa, ambayo pia huongezwa kwenye vinywaji vingi vya viwandani, hudhuru zaidi ya pH yake inavyoonyesha: licha ya kuyeyusha, huikamata kalsiamu na kuivuta kutoka kwenye jino.

Usichanganye mmomonyoko na kuoza. Jino linaoza pale bakteria walio kwenye ukoga wanapokula sukari na kutoa asidi chini ya ukoga huo, mahali pamoja, hadi tundu litokee. Mmomonyoko unatokana na asidi isiyotoka kwa bakteria, yaani ya vinywaji, matunda, baadhi ya dawa au tumbo, na hushambulia hata jino safi kabisa. Ndiyo maana mtu anayepiga mswaki kwa bidii bila kukosa siku anaweza kuwa na mmomonyoko mbaya kuliko jirani yake asiyejali.

Jambo la kushika hapa ni hatua ya kulainika. Asidi haiondoi enameli yote iliyoigusa papo hapo. Inaacha juu tabaka lililolainika, lenye unene wa maikromita chache, ambalo bado limeshikilia mahali pake. Tabaka hilo ni kama chokaa mbichi ukutani: ukiliacha, mate hulirudishia madini na kuligandisha tena, ukilipangusa, limekwenda. Kwa hiyo dawa ya meno ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuweka ngao juu ya enameli kabla asidi haijafika. Ya pili ni kusafisha bila kung'oa kile kilicholainika.

## Hatua ya kwanza: kagua meno yako

Simama penye mwanga mzuri, kausha meno kwa kitambaa safi, kisha tazama kwenye kioo. Mmomonyoko wa mwanzo hauumi. Jino linakuwa laini na lenye mng'ao wa hariri, na mistari midogo ya asili iliyokuwa ikipita usoni pake imefutika. Baadaye kingo za meno ya mbele zinakuwa nyembamba na kupenyeza mwanga. Vilele vya magego vinaingia ndani na kuwa vishimo vidogo vya mviringo. Kama kuna jino lililozibwa, utaona kizibo kimesimama juu kuliko jino linalokizunguka, kwa kuwa asidi imeshusha jino na kukiacha kizibo. Rangi huelekea manjano, maana dentini sasa inaonekana kupitia enameli iliyopungua.

Mahali palipolika panasema chanzo. Nyuso za mbele za meno ya juu zikiwa ndizo zimeathirika, shuku vinywaji na matunda. Nyuso za ndani za meno ya juu, upande wa kaakaa, zikiwa zimelika, shuku asidi ya tumbo: kiungulia cha mara kwa mara, kutapika, au asidi inayopanda usiku bila wewe kujua. Asidi ya tumbo ina pH ya 1 hadi 2, na hakuna dawa ya meno inayoweza kushindana nayo kila siku. Huko tiba inaanzia kwa daktari wa tumbo.

## Hatua ya pili: soma aina na kiasi cha floraidi

Floraidi hufanya kazi kwa njia mbili zinazohusu asidi. Kwanza, madini yanaporudi kwenye enameli, floraidi hujipenyeza katika fuwele na kuzigeuza ziwe karibu na floroapataiti, ambayo huvumilia hadi pH ya karibu 4.5. Pili, hutengeneza juu ya jino chembechembe za kalsiamu floraidi. Hizi ni akiba: asidi ikija, zinayeyuka kabla na kuachia floraidi pale inapohitajika.

Kwa kuzuia kuoza, hiyo inatosha vizuri. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, na ilistahili. Ila tazama hesabu: floroapataiti huvumilia hadi pH 4.5, na vinywaji vingi vya asidi viko kati ya 2.5 na 3.5. Viko chini ya mpaka wa fuwele zote mbili. Akiba ya kalsiamu floraidi nayo huyeyuka haraka katika asidi kali. Floraidi ya kawaida inapunguza madhara ya mmomonyoko, na ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa nayo, lakini kinga yake ina kikomo.

Kwenye orodha ya viungo utakutana na majina haya, jinsi yanavyochapwa.

Sodium Fluoride, yaani floraidi ya sodiamu, iko tayari mara inapogusana na mate. Huwekwa pamoja na silika, chembe ya kusugulia isiyo na kalsiamu, kwa sababu chembe zenye kalsiamu zingeikamata ndani ya tyubu kabla haijafika kinywani.

Sodium Monofluorophosphate ni floraidi iliyofungwa kwenye fosfeti. Vimeng'enya vya kinywani ndivyo vinavyoifungua. Kwa kuwa imefungwa, inaweza kukaa na kalsiamu kaboneti, na ndiyo maana hupatikana katika dawa nyingi za bei nafuu. Udhaifu wake uko kwenye ghala: kadiri muda na joto vinavyopita, sehemu ya floraidi huachia na kushikwa na ile kalsiamu, ikawa haina kazi tena. Dawa ya namna hii usiinunue ikiwa imekaribia kuisha muda wake, wala usiiweke dirishani juani.

Stannous Fluoride ni floraidi ya bati. Hii ina sehemu yake chini, kwa kuwa ndiyo hasa inayohusu asidi.

Kiasi huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Mtu mzima anahitaji kati ya 1,000 na 1,500 ppm. 1,450 ndiyo ya kawaida. Dawa ya 1,450 ppm ina miligramu 1.45 za floraidi katika kila gramu. Kama tyubu yako inaonyesha asilimia ya kiungo bila ppm, fanya hesabu mwenyewe. Zidisha asilimia ya floraidi ya sodiamu kwa 4,500, ile ya monofluorofosfeti kwa 1,320, na ile ya bati kwa 2,425. Hivyo asilimia 0.32 ya floraidi ya sodiamu ni karibu 1,450 ppm, asilimia 0.76 ya monofluorofosfeti ni karibu 1,000, na asilimia 0.454 ya floraidi ya bati ni 1,100. Tyubu isiyotaja aina wala kiasi, iache dukani.

## Kwa nini bati hufanya vizuri dhidi ya asidi

Ayoni za bati zinapogusa enameli hufanya jambo ambalo sodiamu haiwezi. Hushikana na fosfeti na floraidi na kutengeneza juu ya jino utando mwembamba sana wa chumvi za bati, ambao hauyeyuki upesi katika asidi kama inavyoyeyuka kalsiamu floraidi. Enameli iliyokwisha kuguswa na asidi hupokea bati hadi ndani kidogo ya uso wake, na shambulio linalofuata hukuta mahali pagumu zaidi. Pia bati hujishika kwenye ule utando wa protini za mate unaofunika kila jino, na kuuimarisha.

Kwa sababu hiyo, mtu mwenye dalili za mmomonyoko akiuliza dawa ipi, jibu letu la kwanza ni yenye floraidi ya bati, au yenye floraidi pamoja na kloridi ya bati. Baadhi huongezwa kitosani, kiungo kinachotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa. Kitosani hunata juu ya jino, na kikiwa pamoja na bati huongeza kinga hasa pale ambapo asidi na mswaki vinafuatana.

Bati lina usumbufu wake, na ni vyema uujue mapema usije ukaacha dawa katikati. Ladha yake ni ya chuma na inakunja ulimi. Kwa baadhi ya watu huacha rangi ya kahawia juu ya meno. Hiyo ni doa la nje tu, huondoka kwa kusafishwa na daktari wa meno, na michanganyiko ya sasa huisababisha kidogo kuliko ile ya zamani. Bati pia ni jepesi kuharibika ndani ya maji. Dawa ya meno ya Crest, iliyoenea Marekani mwaka 1956 ikiwa na floraidi ya bati, ilitanguliwa na kazi ndefu ya maabara ya kutafuta chembe ya kusugulia ambayo isingelizima bati hilo. Leo watengenezaji hutumia maji kidogo au huongeza viungo vya zinki na vingine vya kulituliza. Wewe kazi yako ni kufunga kifuniko vizuri na kuheshimu tarehe ya mwisho wa matumizi.

## Hatua ya tatu: pima ukali wa chembe za kusugulia

Dawa ya meno inasugua kwa chembe, na chembe hizo ni silika, kalsiamu kaboneti, fosfeti za kalsiamu, magadi ya kuokea, na wakati mwingine alumina. Enameli yenye afya ni ngumu kuliko nyingi kati ya hizo, kwa hiyo huumia kidogo sana. Enameli iliyolainishwa na asidi haina ugumu huo, na dentini iliyo wazi ni laini hata kabla ya asidi.

Kipimo kinachotumika ni RDA, kinachoonyesha jinsi dawa inavyokwangua dentini ukiilinganisha na unga wa kipimo uliopewa namba 100. Kiwango cha kimataifa cha ISO hakiruhusu zaidi ya 250. Kwa mtu mwenye mmomonyoko, namba hiyo ni kubwa mno. Tafuta chini ya 70 au 80. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi hawachapi RDA kwenye tyubu. Baadhi huitoa kwenye tovuti zao au wakiulizwa, na inafaa kuuliza.

Usipoipata, tumia dalili nyingine. Dawa zinazoahidi kung'arisha meno au kuondoa madoa ya moshi na chai mara nyingi husugua zaidi, kwa sababu kusugua ndiko kunakoondoa doa. Dawa za meno yenye ganzi, yaani yanayoshtuka kwa baridi au moto, mara nyingi huwa laini, ingawa si zote. Alumina ikiwa juu kwenye orodha, achana nayo. Magadi ya kuokea, ambayo watu huyaogopa, ni laini kwa kweli, na huipunguza asidi makali. Kinachokosekana ukiyatumia peke yake ni floraidi. Unga wa mkaa haufai kwa mtu mwenye mmomonyoko: ukali wake haujulikani kutoka chupa hadi chupa, na mara nyingi hauna floraidi hata kidogo. Mchanganyiko wa ndimu na magadi unaosambazwa kama siri ya meno meupe ni hatari zaidi, kwani unalainisha jino na kulikwangua kwa mpigo mmoja. Weupe unaouona siku ya kwanza ni enameli iliyoondoka.

## Viungo vingine, kwa ufupi

Potasiamu nitrati, kwa kawaida asilimia 5, hutuliza neva ya jino na kupunguza ganzi baada ya wiki 2 hadi 4 za matumizi ya kila siku. Haigusi mmomonyoko wenyewe. Hili lina hatari yake: maumivu yanaisha, mtu anadhani jino limepona, na asidi inaendelea na kazi.

Ajinini pamoja na kalsiamu kaboneti, na vilevile unga wa kioo chenye kalsiamu na fosfeti, huziba vijifereji vya dentini. Vinafaa kwa ganzi.

Protini ya maziwa iliyobeba kalsiamu na fosfeti hupakwa baada ya kupiga mswaki ili kuongeza madini. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiiguse.

Haidroksiapataiti ya chembe ndogo sana hujaza mikwaruzo na kushikamana na uso wa jino. Ina manufaa kwa ganzi, na inaweza kusaidia madini kurudi. Kwa asidi kali, hatuipi nafasi ya floraidi ya bati. Bora itumike pamoja na floraidi kuliko badala yake.

Sodium Lauryl Sulfate ndiyo inayotoa povu. Povu halilindi jino. Kama unapata vidonda vya mdomo mara kwa mara au kinywa chako ni kikavu, chagua dawa isiyo nayo.

## Hatua ya nne: piga mswaki kwa saa yake

Ushauri ulioenea ni kusubiri dakika 30 hadi 60 baada ya kitu chenye asidi ndipo upige mswaki. Kusubiri si kosa, lakini watu hutegemea jambo hilo kupita kiasi. Enameli iliyolainika huchukua saa nyingi kurudisha ugumu wake, na baada ya dakika 30 bado ni dhaifu. Utaratibu wenye faida zaidi ni kutanguliza mswaki. Kama kifungua kinywa chako kina juisi au matunda yenye asidi, piga mswaki kabla ya kula. Ngao inakuwa imewekwa tayari, na hakuna kilicholainika cha kung'olewa.

Usiku piga mswaki jambo la mwisho kabla ya kulala. Usingizini mate hupungua sana, na floraidi iliyobaki juu ya jino hukaa muda mrefu bila kusukumwa. Kwa sababu hiyohiyo, kunywa juisi au soda baada ya mswaki wa usiku ni moja ya makosa mabaya kuliko yote: asidi inakaa na hakuna mate ya kuiosha.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Tumia mswaki wa nywele laini. Mkavu au uliolowa kidogo, si jambo kubwa.
2. Weka dawa ya urefu wa sentimita 1.5 hivi, ambayo hukaribia gramu 1. Kujaza mswaki wote hakuongezi kinga.
3. Anzia upande ambao meno yake hayajalika. Watu wengi huanza mahali palepale kila siku, wakiwa na dawa nzito na mkono wenye nguvu, na pale ndipo panapoumia.
4. Shika mswaki kwa vidole kama kalamu. Mkono uliokunja ngumi hukandamiza bila kujua. Nywele za mswaki zikitanuka kabla ya miezi 3 kwisha, unakandamiza mno.
5. Piga kwa duara ndogo dakika 2, sekunde 30 kwa kila robo ya kinywa, ukifikia nyuso za nje, za ndani na za kutafunia.
6. Tema povu. Usisukutue kwa maji. Hapa watu wengi hupoteza kila walicholipia, kwa sababu maji ya kusukutua huondoa floraidi kabla haijashika.
7. Usile wala kunywa chochote kwa dakika 30.

Kwa sehemu zilizolika sana, baada ya mswaki wa usiku chukua dawa kidogo kwa kidole safi, ipake juu ya sehemu hiyo, tema ya ziada na ulale.

## Kati ya mswaki mmoja na mwingine

Dawa ya meno hugusa meno dakika 4 kwa siku. Saa zilizobaki ni zako, na idadi ya mara asidi inapoingia kinywani ina uzito kuliko wingi wake. Chupa moja ya maji ya ndimu inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni hudhuru kuliko glasi moja iliyomalizwa wakati wa chakula. Kila funda linashusha pH upya, na mate huhitaji muda kuipandisha.

Kunywa vinywaji vya asidi pamoja na mlo. Usivizungushe mdomoni wala kuvishikilia nyuma ya meno. Mrija husaidia ukiupeleka nyuma ya meno ya mbele. Ukiushika midomoni tu, unaelekeza mmiminiko moja kwa moja kwenye jino. Baadaye sukutua kwa maji, au kunywa maziwa, au tafuna jojo isiyo na sukari ili mate yaongezeke. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna ni asidi inayosagwa juu ya magego. Chagua vya kumeza.

Ukitapika, usikimbilie mswaki. Yeyusha kijiko 1 cha chai cha magadi ya kuokea katika kikombe kimoja cha maji, sukutua, tema. Magadi yakikosekana, maji matupu. Mama mjamzito anayetapika kila asubuhi afanye hivi kila mara, na mswaki aupangie saa ambayo tumbo limetulia.

Kinywa kikavu ni adui asiyeonekana. Dawa nyingi za mzio, msongo wa mawazo na shinikizo la damu hupunguza mate. Usiziache, ila mweleze daktari, na uongeze maji na jojo isiyo na sukari.

## Watoto

Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya ukubwani, na mtoto humeza dawa. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kutoka jino la kwanza linapochomoza. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Dawa ya 1,000 ppm inatosha, na mzazi ndiye anayeiweka kwenye mswaki.

Kumeza floraidi nyingi mfululizo kabla ya umri wa miaka 8, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, huacha madoa meupe au ya kahawia ya kudumu. Mahali ambapo maji ya kunywa yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, simamia kwa ukali zaidi kiasi na kutema. Mtoto akila tyubu, piga hesabu kwa uzito wake: miligramu 5 za floraidi kwa kila kilo ya mwili ni hali ya kwenda hospitali mara moja. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni gramu 50 za dawa ya 1,000 ppm, au karibu gramu 34 za dawa ya 1,450. Mpe maziwa mkiwa njiani, kwani kalsiamu hukamata floraidi tumboni.

## Pale utaratibu unaposhindwa

Ukiwa umebadili dawa na ganzi haijapungua baada ya wiki 4, angalia kwanza kama unasukutua kwa maji, kisha kama kuna chanzo cha asidi ambacho hujakigusa. Hivyo viwili ndivyo vinavyotokea mara nyingi. Ganzi ya jino moja tu, hasa inayobaki dakika kadhaa baada ya kitu cha baridi au cha moto, si ya mmomonyoko wa kawaida. Yaweza kuwa ufa au neva iliyovimba, na haipaswi kusubiri.

Ukitumia floraidi ya bati na madoa yakakusumbua, usihamie dawa ya kung'arisha. Nenda ukasafishwe, kisha itumie ya bati usiku tu, na asubuhi utumie ya floraidi ya sodiamu yenye RDA ndogo.

Daktari wa meno anaweza kufanya mambo ambayo tyubu haiwezi: kupaka floraidi nzito, kufunika dentini iliyo wazi, au kukuandikia dawa ya 5,000 ppm, ambayo hutolewa kwa cheti na si ya watoto. Anaweza pia kuyapa meno yako alama kwa kipimo cha mmomonyoko kiitwacho BEWE, kilichoanza kutumika mwaka 2008. Kinywa hugawanywa sehemu 6, na kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3 kufuatana na jino lake lililolika zaidi. Mwombe akuandikie jumla hiyo na apige picha. Baada ya miezi 6 au mwaka, rudi kwake alinganishe. Alama zikiwa zilezile, dawa uliyochagua na utaratibu wako vinafanya kazi. Zikiwa zimepanda, mweleze kila unachokunywa na saa unayokinywa, na dawa zote unazomeza.